Taa Zilizomkatiza Hakimu

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wenzangu hukimbilia uwanjani, nami hupanda ngazi ya chuma hadi chumba cha taa, juu ya ukumbi wa shule. Chumba chenyewe ni kidogo na kina joto la kutosha kukausha nguo. Sijali. Kompyuta iko pale, na ndiyo inayowasha taa zote kumi na mbili za jukwaani.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu, fundi umeme aliyezifunga taa hizo. Alinionyesha kuandika maagizo mafupi, mstari mmoja mmoja: washa taa ya tatu, subiri sekunde ishirini, zima. Kompyuta husoma kutoka juu hadi chini na kutii. Mwalimu wetu wa maigizo hakupendezwa. Alitaka mtu mzima asimame kwenye swichi kama miaka yote. Nilimbishia mpaka akachoka, akasema atanijaribu kwenye mazoezi ya Jumatano, kabla ya mchezo wa kuigiza wa Jumamosi. Nikiharibu, swichi zinarudi.

Sasa, mimi huitwa Cherehani, kwa sababu nikianza kusema huenda mbio wala sisimami. Ili kujua kila onyesho lina sekunde ngapi, nilipaswa kukaa ukumbini na saa mkononi, niwapime waigizaji. Nikaona uvivu. Nilijisomea mchezo wote nyumbani kwa sauti, nikajipima mwenyewe, nikaandika sekunde zangu. Mwalimu alipouliza kama nimewapima waigizaji, nilijibu ndiyo, tena bila kupepesa macho.

Jumatano mwanzoni taa zilitangulia kidogo tu, hakuna aliyegundua. Kisha akaingia hakimu, aliyeigizwa na mwenzetu tunayemwita Taratibu. Akavuta pumzi, akainua mkono atoe hukumu, na jukwaa zima likawa giza. Watoto wa madarasa ya chini waliokuja kutazama wakaangua kicheko.

Mwalimu alipofoka, nilitoa kichwa kwenye dirisha la chumba cha taa nikajibu kwamba kompyuta haina kosa, Taratibu ndiye anayejikokota. Na kweli kompyuta haikuwa na kosa. Mwalimu akamgeukia Taratibu, akamwambia kama hawezi kwenda na taa, nafasi ya hakimu atapewa mwingine. Taratibu alivua joho aliloshonewa na mama yake, akalikunja vizuri, akaliweka kitini.

Joho lile liliniuma. Nilishuka ngazi, nikasimama mbele ya wote.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikuwapima. Zile sekunde ni za mdomo wangu mimi. Taratibu hana kosa."

"Basi taa uziache," alisema mwalimu.

"Siziachi, mwalimu. Nimeharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe. Nipe mpaka kesho. Ikiharibika tena, nitashuka bila kuambiwa."

Mwalimu akamrudishia Taratibu joho lake. Akasema kesho saa kumi, asisikie sababu.

Nyumbani nilimsimulia shangazi yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini kompyuta ihesabu sekunde wakati mimi nina macho na masikio. Nikafuta kila mstari wa sekunde, mahali pake nikaandika: subiri kitufe. Sasa taa haibadiliki mpaka nibonyeze. Kesho yake nilikaa na waigizaji, neno kwa neno, nikiweka alama kila mahali pa kubonyeza. Saa kumi ilipofika, hakuna taa iliyokosea.

Jumamosi wazazi walijaa ukumbini. Taratibu akavuta pumzi, akainua mkono, akanyamaza muda mrefu kuliko siku zote. Nadhani alikusudia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, nami nikasubiri. Akatoa hukumu, nikabonyeza, taa zikazimika palepale, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Shangazi alikuwa ananingoja chini ya ngazi.

"Ubishi wako usiuache, mwanangu, kazi inauhitaji," alisema. "Lakini ubishe ukiwa na ukweli. Ukijitetea kwa uongo, ujue kuna mwenzako anavuliwa joho."

Nilitaka kumbishia, kwa mazoea tu. Badala yake nikaenda kumtafuta Taratibu, nimsaidie kukunja joho.