Sindano Isiyo Yake

Shuka la kitanda cha tisa lilikuwa na joto. Kitanda kilikuwa kitupu kwa siku nne, na muuguzi aliyekuwa akikitandika aliondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria jikoni. Wodini walimwita Sista Chapuchapu, maana aligawa dawa za wodi nzima wenzake wakiwa bado nusu. Akiambiwa haraka haina baraka, hujibu, "Methali hiyo ni ya wenye wagonjwa wachache."

Siku nne nyuma, kitandani hapo alilala bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Sista alimfikia na sindano ya kushusha sukari.

"Mwanangu, mimi sina sukari," bibi alisema.

"Tulia, bibi. Kazi yangu naijua."

Hakumuuliza jina. Hakutazama faili. Sindano ilikuwa ya kitanda cha sita. Bibi alilowa jasho, akaropoka, akapoteza fahamu, na kabla ya saa sita mchana akakata roho. Sista alipogundua kosa lake, aliandika kwamba aliyechoma ni mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa naye zamu. Binti wa watu akafukuzwa siku hiyohiyo, hana hata wa kumtetea.

Sasa shuka lina joto. Siku iliyofuata ikaja harufu ya udi, nzito, ikiishinda dawa ya kupigia deki. Kisha nyayo: mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburutwa, nyuma ya toroli lake la dawa. Akisimama, nazo zinasimama.

"Sista," mgonjwa wa kitanda cha nane alimnong'oneza, "huyo bibi anayekufuata mbona hasalimii watu?"

Sista alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Dawa za siku hiyo alizigawa huku akigeuka nyuma kila hatua.

Asubuhi ya sita tangu bibi afariki, kwenye kikao cha kukabidhiana zamu, matroni alimwomba asome ripoti ya wagonjwa, naye akafungua kinywa kusoma, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mwanamume mzee, ikataja sindano na saa yake, ikataja kitanda cha sita na cha tisa, ikataja mstari ulioandikwa kwa uongo na jina la mwanafunzi aliyebebeshwa msalaba, na muda wote huo macho ya Sista yalikuwa yakilia, yakimwomba matroni amzibe mdomo, na mdomo haukuzibika.

"Niitieni mtoto wa marehemu," sauti ilimaliza.

Binti wa yule bibi, mwanamke wa makamo, alifika mchana. Alipoisikia sauti hakushtuka.

"Ni jini la mama," alimwambia matroni polepole. "Lilimpanda tangu usichana. Lilikuwa linamlinda. Sasa halina wa kumlinda, lina wa kumlipiza kisasi."

Akapiga magoti mbele ya Sista. "Babu, ukweli umesemwa. Mwanafunzi atarudishwa. Toka sasa."

"Wodini natoka," sauti ilijibu. "Kwake sijaahidi."

Harufu ya udi ikaisha palepale. Mwanafunzi akarudishwa kazini, Sista akafukuzwa, na matroni akatoa amri kwamba mgonjwa asichomwe wala kumezeshwa kitu kabla ya kutaja jina lake mwenyewe na faili kutazamwa. Wodi ikatulia.

Wiki mbili baadaye, mchana mweupe, mtoto wa mwisho wa Sista alishikwa na homa. Sista akachukua chupa ya dawa. Kijiko kimoja, ndivyo kilivyoandikwa kibandiko. Alikisoma mara tatu. Alimnywesha kimoja, akataka kufunga chupa, na mkono wa kulia ukakataa.

"Baba watoto," aliita taratibu, "njoo umshike mtoto. Huu mkono si wangu."

Mumewe alicheka kutoka chumbani, akidhani ni utani. Alipofika mlangoni kicheko kilimkauka. Chupa ilikuwa imeinamishwa mdomoni mwa mtoto. Mkono wa kushoto wa mkewe ulikuwa umekamata ule wa kulia kwa kucha, ukivuta mpaka damu, na kooni mwake mzee mmoja alikuwa akibembeleza kwa upole:

"Kunywa, mjukuu wangu. Usiogope. Mama yako ni muuguzi."