Chumba Kilichozidi Uzito

Barau, mwana wa dada yangu, alikuwa mhariri wa filamu hapa Kano, na katika kazi yake alikuwa na subira ya mtarizi wa kofia. Alhamisi moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilikwenda ofisini kwake, Zoo Road, kuchukua rekodi za darsa zangu za tafsiri ya Kurani. Alinipa bakuli la fura, uji baridi wa uwele na maziwa, akanivutia kiti kando ya kompyuta, akaniomba radhi ningoje kidogo. Alikuwa akibishana na mwongozaji wake, Gambo, mtu mnene mwenye sauti ya mnadi.

"Malam, nisaidie!" Gambo akanilaki. "Mpwa wako amepatwa na wazimu. Filamu tumekwisha kuikata, naye anataka tuirudie kwa kodeki nyingine. Watu wataitazama kwenye simu, tena simu zenyewe zina nyufa!"

"Mwenye ufa ni wewe," Barau akajibu. "Mjomba, sikiliza, kisha uhukumu."

Kodeki, kwa kadiri nilivyofahamu, ni namna ya kuikunja picha hata ikaenea ndani ya faili. Ile waliyokuwa wakiitumia hubana mno: huhifadhi picha moja nzima, na zile zinazofuata huzikadiria tu, ikiandika kinachotembea na kukitupa kile ambacho jicho halitakitambua. Kwa mtazamaji inatosha. Lakini mhariri akitaka kurekebisha rangi, hususan penye giza, mashavu ya watu humvunjikia vipande vya mraba. Kodeki iliyo bora huihifadhi kila picha kwa ukamilifu wake, wala haitupi kitu. Nakala ya namna hiyo walikuwa nayo, imerekodiwa na kifaa cha pembeni kilichounganishwa na kamera, siku ileile ya kupiga picha. Barau alitaka tukio la mwisho litoke humo.

"Mwambie basi shavu lenyewe ni la nani," Gambo akacheka. "Ni la mkewe! Ndiyo maana tunasumbuliwa."

Ilikuwa kweli. Talatu, mke wa Barau, ndiye aliyeigiza bibi harusi anayengoja peke yake katika chumba cha udongo, ndani ya nyumba kuukuu ya mji wa kale, iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi.

"Sicheki," Barau akasema. "Tazama ukubwa wa faili hizi, zile zilizobanwa. Hii ni ngoma ya watu arobaini, dakika mbili. Na hiki ni chumba kile kabla Talatu hajaingia, dakika mbili vilevile. Chumba kitupu ni kizito kuliko ngoma."

"Chembechembe za giza hizo. Kamera huchanganyikiwa."

"Si kiasi hiki. Kodeki hii huandika kinachotembea, Gambo. Sasa niambie, nini kilitembea?"

Gambo akatazama saa yake. Akasema anakwenda kula. Siku hiyo hakurudi.

Barau akaifungua nakala kamili, akaanza kuinua mwangaza katika sehemu zenye giza, taratibu, kama mtu anayefunua jeraha. Ukuta ukatokea. Zikatokea boriti za dari. Kisha, pembeni, kikatokea kitu kilichochutama, kimetugeuzia mgongo.

Akasogeza picha moja mbele. Kitu kimesogea upana wa kidole. Akasogeza tena. Tena. Talatu akaingia, akaketi juu ya mkeka, akajitanda ushungi.

Kitu hakikuwa kimetugeuzia mgongo tena.

"Rudi mwanzo," nikamwambia.

Akarudi picha ya kwanza kabisa, ile ya chumba kitupu. Pembeni hapakuwa na kitu. Kilikuwa katikati ya chumba. Picha yenyewe ilikuwa imebadilika.

Akaipeleka mbele, hata pale Talatu alipoketi. Kilikuwa nyuma yake. Mkono mmoja umeinuliwa.

"Mjomba," akanong'ona, "kila tukitazama, kinamkaribia."

Akaondoa kidole. Picha ikasimama. Simu yake ikalia. Ni Talatu, kutoka nyumbani. Akaifungulia sauti nami nisikie.

"Baba Hanne, umekwisha kurudi?"

"Bado nipo kazini."

Akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Basi nani amekaa nyuma yangu?"

"Toka chumbani, nenda uani. Sasa hivi."

"Miguu haitaki."

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Kwenye kioo picha ilikuwa imesimama, hakuna aliyeigusa, na mkono ule ulikuwa umekwisha kutua begani mwa Talatu.

"Ifute!" nikasema.

"Wako ndani ya picha moja, Mjomba. Nikifuta, nitakuwa nimemfuta nani?"

Nimefundisha tafsiri kwa miaka arobaini. Nikaendelea kusoma tu.

Akajipangusa uso. "Ile kodeki inayobana hutupa kisichoonekana. Nitalirudisha giza, niibane picha mpaka ikitupe kitu hicho." Akanigeukia, macho yake mekundu. "Nifanye?"

Nikasema, "Fanya." Ni kwa neno hilo ninaomba maghufira.

Akaibana mara moja. Mkono ulikuwapo. Mara ya pili. Mara ya tatu. Vidole vikawa miraba. Mara ya saba nyuma ya Talatu palikuwa na weusi mtupu. Barau akaifuta nakala kamili, na kifaa chake akakivunja kwa kisigino.

"Ameondoka," Talatu akasema kwenye simu. Alikuwa akilia. "Alhamdulillahi. Njooni mle."

Tulifika kabla ya alasiri. Alikuwa uani akitwanga, mtoto wao Hanne amelala mgongoni. Akapiga magoti kunisalimu, kama ada yake. Akamcheka mumewe: "Uso gani huo! Umefukuzwa na fisi?" Barau akamshika mikono, akaikuta ina joto, akalia machozi ya furaha mbele yangu bila haya.

Hapo mwadhini akaadhini, upande wa nyuma yake. Talatu akageuka kusikiliza.

Kichwa kiligeuka.

Uso ulibaki ukitutazama.

Kisha, polepole, mraba kwa mraba, ukafuata.

Akatuuliza mbona tunamkodolea macho. Tukamwambia ni uchovu wa njia. Ni mke mwema, hana ugonjwa, na Barau anaishi naye hadi leo. Jambo analomwomba mkewe ni moja tu: asigeuke upesi mbele ya mtoto.