Watu Wanne wa Kaya ya Mwisho

Shomari Nassibu alifungua sanduku lake la bati akakuta jedwali halimo. Nguo zilikuwa zimekunjwa vilevile, kufuli lilikuwa zima, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake, alilala nao. Kilichoongezeka humo ni harufu ya tumbaku mbichi, ile ya kutafuna, na katika nyumba hiyo hakuna aliyetafuna tumbaku.

Mtu mwingine angeanza kujiuliza kuhusu harufu. Shomari alianza na mkewe.

Ndivyo alivyoumbwa. Kijiko kikipotea jikoni hakuuliza kiko wapi, aliuliza nani kakichukua. Msemo wake ulikuwa kikulacho ki nguoni mwako, na kila alipousema alimtazama Mwamvita. Ila safari hii tumpe haki yake, sababu alikuwa nayo. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na jedwali lile, karatasi kubwa yenye majina ya wakuu wa kaya, idadi ya watu wao na viwanja vyao, lilikuwa la kijiji kipya njia ya Isikizya. Mzee Mabruki, baba yake Mwamvita, alikuwemo, na alishaapa kwamba shamba lake haliachi. Kaya ya mwisho ilikuwa ya Shomari mwenyewe, maana ndiye aliyeteuliwa kuwa karani wa kijiji hicho. Mume, mke na binti yao Kuluthumu, watu watatu.

Jedwali lilitakiwa ofisini Alhamisi. Mkuu wake alimruhusu kuchukua taipureta aende nayo nyumbani, lakini alimwambia wazi kwamba likikosekana ataitwa mhujumu. Miaka ile neno hilo halikuishia kwenye kufukuzwa kazi tu.

Mwamvita aliapa kwa uhai wa mtoto kwamba hajaligusa. Shomari alimsikiliza mpaka mwisho na hakumwamini.

Kilichomwokoa ni kaboni. Nakala zote zilikuwa zimepotea pamoja, lakini karatasi ya kaboni ilibaki chini ya taipureta, na kaboni mpya iliyotumika mara moja huhifadhi kila herufi iliyogongwa. Ukiielekeza dirishani unasoma. Akamweka Mwamvita dirishani asome, yeye akachapa upya. Kwa njia hiyo aliweza pia kumchunga.

Walimaliza jua linazama. Shomari akaanza kujumlisha watu kwa sauti, kaya baada ya kaya.

"Baba Kuluthumu," mkewe alisema taratibu, "watu hawahesabiwi kwa mdomo. Tena magharibi, tena humu."

Hata Shomari alilelewa hivyo. Mama wa Tabora ukimwuliza ana watoto wangapi atakwambia Mungu kamjalia, na idadi hataitaja. Na nyumba hiyo ilikuwa tembe la kale, la udongo na paa bapa, walilokuwa wakipumzikia wapagazi wa misafara enzi za pembe za ndovu. Lakini Shomari aliona anazuiwa kazi yake makusudi. Alipaza sauti zaidi mpaka mstari wa mwisho.

"Shomari Nassibu, watatu. Basi, wamekwisha."

"Bado mimi," sauti ya mwanamume ilisema kutoka chumba cha uani.

Shomari alichukua taa akaenda huko, akidhani mkwewe kajificha, akasukuma mlango na kukuta chumba kitupu chenye harufu ya tumbaku na jasho na kamba za mizigo zilizolowa, na alipogeuka kurudi alimsikia mtu akipumua nyuma ya shingo yake, pumzi nzito za mgonjwa, zikamfuata hatua kwa hatua mpaka sebuleni alipokuwa Mwamvita, ambaye alikuwa ameshika karatasi mpya.

"Umechapa wanne," alinong'ona. "Kaya yetu. Tazama mwenyewe."

Alitazama. Wanne. Na alijua vidole vyake viligonga watatu.

Asubuhi Mwamvita alimleta Bibi Mwanamkuu, mganga wa mtaa wa Ng'ambo. Bibi aliitikia shikamoo, akaingia chumba cha uani peke yake, akatoka amejifunika pua kwa kanga.

"Alikuwa mpagazi," alisema. "Ndui ilimlaza humo. Kiongozi wao akawahesabu watu hapo mlangoni, akasema wamekwisha, na huyu anaita toka ndani kwamba bado yeye. Wakamwacha, wakashika njia ya Ujiji. Karatasi yako aliichukua kutazama kama yumo. Nawe ukaja kusema maneno yaleyale, mlango uleule."

Shomari aliuliza afanye nini.

"Usifanye kitu. Ameshaingia hesabuni. Mwacheni awe wa nne, mumwekee chakula, Ijumaa nitakuja kumtoa. Ukiifuta hesabu kabla sijaja mtabaki watatu kweli, lakini atakayetoka si yeye."

Maneno hayo yalimwogopesha Shomari kwa muda mfupi tu. Jioni alimwona Bibi akimnong'oneza Mwamvita uani, akakumbuka kwamba bibi huyo na mzee Mabruki wanatoka kijiji kimoja, na mambo yote yakamkaa sawa kichwani. Jedwali lenye kosa lingerudishwa, mvua zingeanza kabla watu hawajahamishwa, na mzee angebaki shambani kwake. Sauti ilikuwa ya mtu waliyemficha. Hata tonge la ugali ambalo Kuluthumu alilitenga pembeni mwa mkeka, alisema mtoto kafundishwa.

Alhamisi, kabla ya kwenda ofisini, alichukua wembe akaikwangua nne kama makarani wafanyavyo, akachapa tatu juu yake. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Ofisini mkuu alilipokea jedwali bila kuinua uso. Njiani Shomari alimsalimu muuza kahawa, asiitikiwe. Akamsalimu jirani yake, naye akampita. Akasema moyoni kwamba Mwamvita ameshamchafulia jina mji mzima, akaenda mbio nyumbani amkabili.

Alipiga hodi. Hakuna aliyemkaribisha. Akaingia, na harufu ya tumbaku ilikuwa sebule nzima, nzito, na mchana ule mweupe, huku majogoo wanawika nje, aliwaona wamekaa mkekani, Mwamvita na Kuluthumu, na kati yao mwanamume aliyempa mgongo, amevaa shati lake Shomari la kazini, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelivaa akitoka asubuhi, na Mwamvita akamsogezea mtu huyo bakuli la mchuzi na kumwambia, kwa sauti ya kila siku, "Karibu chakula, Baba Kuluthumu."

Shomari alitaka kumwita mkewe kwa jina. Alitaka kumwomba radhi, kwa mara ya kwanza tangu amwoe. Kinywa kilifunguka, yakatoka maneno mawili tu.

"Bado mimi."

Kuluthumu aliinua uso akatazama mlangoni. Mama yake akamziba mdomo haraka.

"Usiitike, mwanangu," alinong'ona. "Kesho Ijumaa. Bibi atakuja kumtoa."