Maziwa ya Kwetu

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja isiyojua likizo. Baba alikamua ng'ombe, Mama aliyagandisha maziwa katika vibuyu, na mimi nilijitwisha ndoo yenye mfuniko kuyapeleka hotelini kwa Mama Scola, kule Milanzi. Njia ilikuwa ya matope, na baridi ya Sumbawanga haijali kwamba wewe ni mtoto. Nilifika vidole vimekufa ganzi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa. Aliyekuwa na masufuria matatu na benchi alifungua hoteli. Nyingine zilifungwa kabla rangi ya kibao haijakauka, lakini hoteli ya Mama Scola ilidumu. Alikuwa mjane wa Kifipa, mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia, na meza zake nne zilisuguliwa kila jioni kwa mchanga na sabuni. Wateja wake walipenda ugali kwa mgando wetu.

Baba yangu, Mzee Ndalahwa, alihamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kuuza maziwa hotelini alipenda sana. Kula hotelini hakutaka hata kusikia.

"Mtu ana mke, ana ng'ombe, halafu anakwenda kula kwa watu. Kwani amefiwa?" alikuwa akisema.

Mama yangu, Tusajigwe, alizaliwa Mbeya. Baba yake alikuwa karani wa serikali, na mwisho wa mwezi aliwapeleka wanawe kula hotelini. Mama hakusahau.

"Baba Kashinje, sijasema kila siku," alimjibu. "Siku moja tu. Nataka nikae chini, niletewe sahani, nile chakula ambacho sikukipika, halafu niondoke bila kuosha sufuria."

"Unajua jungu la watu lina nini ndani? Hapa kwangu najua."

"Unajua kwa sababu mpishi ni mimi."

Walibishana hivyo miaka na miaka, mpaka mimi nikaweza kusema maneno ya wote wawili kabla hawajafungua vinywa. Nilikuwa upande wa Mama, lakini nisijisifu. Sikuwa nikimhurumia. Ni tumbo langu lililokuwa likitamani chapati.

Tamaa hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Fortunata darajani. Fortunata tulikuwa naye darasa la tano, na dada yake alikaanga chapati kando ya barabara. Asubuhi moja ya Februari alinisubiri kwenye daraja la miti, amefunga kitu katika gazeti.

"Mambo, Kashinje?"

"Poa. Una nini humo?"

"Chapati. Nipe kikombe cha mgando, nikupe."

Nilisita kidogo tu. Nilimchotea kikombe, akanywa, nami nikala ile chapati ya moto nikaona kwamba Baba hajui raha ya dunia. Kisha nikatazama ndoo. Mgando ulikuwa umepungua, na Mama Scola alijua unapofika ndani ya ndoo kila siku. Chini ya daraja kulikuwa na kijito kinachopita nyuma ya vyoo vya watu. Nilishuka, nikachota kikombe kimoja cha maji, nikayamimina ndani na kukoroga kwa kijiti.

Hakuna aliyejua. Kesho yake Fortunata alikuja tena, na kesho kutwa vilevile.

"Mwanangu, mbona siku hizi maziwa yenu mepesi?" Mama Scola aliniuliza mara moja.

"Ng'ombe wamekula majani mabichi, Mama."

"Haya. Kama ni ya Mzee Ndalahwa, sina wasiwasi." Akayamimina katika chombo chake bila kuyaonja.

Jumapili moja tulikuwa tukitoka kanisani wote wanne: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu Masunga aliyekuwa na miaka mitatu. Asubuhi ile pia nilikuwa nimepeleka ndoo, na nilikuwa nimepita darajani. Tulipofika mbele ya hoteli ya Mama Scola, mvua ikashuka kwa nguvu. Mama hakuuliza mtu. Alimbeba Masunga, akaingia ndani, akavuta kiti, akakaa. Baba alibaki barazani, maji yakimtiririka kwenye kofia.

"Mzee, utalowa huko kwa kumwogopa nani?" alipaza sauti Mama Scola. Wateja wakacheka, Baba akaingia.

Mama aliagiza pilau, mimi pia pilau. Sahani zilipoletwa, Mama alizitazama kwanza, kisha akacheka peke yake bila sababu. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikaa ameegemea kiti, mikono imetulia mapajani, amekuwa mgeni wa watu.

"Na wewe, Mzee?"

Baba alikunja uso. "Nipe ugali na mgando. Angalau ule najua umetoka wapi. Na mtoto mpe huohuo. Anywe wa kwao."

Niliacha kula. Niliona Mama Scola akimimina maziwa katika mabakuli mawili. Nilikuwa na muda wa kusema. Mabakuli yalivuka chumba kizima polepole, na mimi nilikuwa na neno moja tu la kutamka: msinywe. Lakini Mama alikuwa akicheka, na Baba alikuwa na fimbo yake mkononi, na wateja walikuwa wengi. Nikanyamaza. Baba alikunywa mpaka mwisho. Masunga akaomba aongezwe.

Jumatatu mchana Baba alianza kutapika na kwenda chooni mara kwa mara. Masunga alifuata, na yeye ilikuwa vibaya zaidi. Jumanne asubuhi macho yake yalikuwa yamezama, na akilia machozi hayatoki. Tulimkimbiza hospitali, wakamtundikia maji. Mkono wake ulikuwa mdogo hata ile sindano ilionekana kubwa.

Baba alipata nafuu mapema, na nguvu za kwanza alizopata alizitumia kulaumu.

"Nilisema," alimwambia Mama kando ya kitanda cha Masunga. "Miaka yote nilisema. Jungu la watu! Uliyataka, haya yatazame."

Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila neno la Baba alikaa anampepea mwanawe kwa kanga. Jioni nilipompelekea uji alinishika mkono.

"Ni mimi niliyemwingiza mle, Kashinje. Mvua ingekwisha tu. Tungelowa, tungefika nyumbani, basi."

Nilijua ukweli, na ulikuwa mdomoni. Nikaumeza kama nilivyoumeza mbele ya ile sahani ya pilau. Nilijichukia, lakini kujichukia hakumsaidii mtu kama mdomo umefungwa.

Watu wengine watatu waliugua. Jumatano hoteli ya Mama Scola ilifungwa kwa kufuli. Nilipita nikamwona amekaa barazani, masufuria yamefunikwa chini juu nyuma yake. Wanawake waliokuwa wakimsalimia walivuka upande wa pili wa barabara. Fortunata alikuwa mzima na anacheza rede, maana yeye alikunywa kabla sijatia maji.

"Usiseme," aliniambia shuleni. "Tutachapwa wote."

Alhamisi Bwana Afya alikuja wodini. Jina lake Wilibrodi, mtu mpole mwenye daftari lililolowa mvua. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, kisha akauliza kila mtu alikula nini.

"Mimi pilau," alisema Mama. "Na huyu binti pilau."

"Hamkuugua?"

"Hatukuugua."

"Na wewe, Mzee?"

"Ugali na mgando."

"Na mtoto?"

"Mgando."

Bwana Wilibrodi alifunga daftari taratibu. "Wote walioumwa walikunywa maziwa. Waliokula chakula cha jikoni ni wazima."

Baba alisimama. "Maziwa ni yangu! Nimeyanywa tangu nazaliwa! Basi ni vyombo vya yule mwanamke. Ana uchafu. Mfungieni moja kwa moja, asipike tena Sumbawanga hii!"

Nilimtazama Mama. Alikuwa amekubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea adhabu yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba nisiposema, watu wawili watabeba mzigo wangu mpaka kaburini.

"Baba," nilisema, "nilitia maji ya kijito."

Nilisimulia yote: chapati, kikombe, daraja, kijiti. Nilitegemea fimbo. Baba aliketi tena, akatazama mikono yake. Hakunipiga, na hata leo naona afadhali angenipiga.

Bwana Wilibrodi alisema hoteli itafunguliwa. Alimwambia Baba pia kwamba maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, hata kama ng'ombe ni wako mwenyewe. Baba aliitikia bila kubisha.

Masunga alitoka hospitali baada ya wiki moja. Alipona, lakini aliyetembea kwa kukimbia sasa alitembea kwa kushika ukuta.

Jumapili iliyofuata Baba alisema, "Mama Kashinje, twende kwa Mama Scola. Tukale pale, watu watuone."

Mama alikuwa amesimama jikoni anasonga ugali. "Nendeni," alisema. "Mimi nimeshakula nje mara moja. Inatosha."

Tulikwenda Baba na mimi. Meza tatu zilikuwa tupu. Baba alivua kofia, akasimama katikati ya chumba, akawaambia wateja wanne waliokuwapo: "Maziwa yaliyotuumiza yalitoka kwangu. Mwanangu ndiye aliyeyaharibu. Huyu mama hana kosa. Nilimsingizia." Kisha akaketi, akaagiza wali na maharage, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

Mimi nilipiga magoti mbele ya Mama Scola.

"Nimekusamehe," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa tena. "Simama. Lakini maziwa yenu sichukui. Nilikuwa nayamimina bila kuyaonja kwa sababu nilikuamini. Sasa nitaonja kila kitu anacholeta kila mtu, na wateja wangu wataonja changu kwa wasiwasi. Imani ikimwagika haichoteki. Hilo ulijue ungali mdogo."

Tulipokuwa tukiondoka alinipa bakuli la pilau lililofunikwa kwa sahani. "Mpelekee mama yako. Yeye hakumaliza sahani yake siku ile, alikuwa anacheka mno."

Nilimkuta Mama palepale karibu na moto. Baba alivuta kigoda, akamwambia, "Kaa, mke wangu. Leo nakuletea mimi." Alimnawisha mikono. Nilidhani atafurahi. Mama aliinua tonge moja, akalitazama, akalirudisha katika bakuli na kumsogezea Masunga.

"Kashinje, njoo," alisema. Nikachutama mbele yake.

"Baba yako aliogopa jungu la watu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Lakini siyo maji yaliyoniumiza. Mtoto hukosea, akasema, akasamehewa. Mimi nilikaa siku tatu pale kitandani nikijua kwamba nimemuua mwanangu kwa ajili ya sahani ya pilau. Wewe ulijua siyo mimi. Ulikuja na uji, ukanitazama, ukaondoka. Kosa lako likimwangukia mwingine nawe ukanyamaza, umemwibia hata furaha yake. Sema mapema, mwanangu. Sema wakati bakuli bado halijafika mezani."

Alisimama, akachukua mwiko, akarudi kwenye sufuria lake. Kigoda kilibaki tupu, na Mama hakula tena hotelini maisha yake yote.