Kichaka Kifupi Kuliko Kalamu

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alifagia chumba cha kazi cha shangazi yake. Wenzake darasani walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu alikifanya mbio, hata kupiga mswaki. Shangazi alikuwa mtunzaji wa mimea iliyokaushwa. Alikata kijitawi kimoja tu cha kila mmea, akakibandika kwenye karatasi ngumu na kuandika chini yake mmea ulivyo na mahali unapoota.

Jumamosi hiyo Chapuchapu alikuwa na maelezo yake mwenyewe, ya kusoma darasani Jumatatu. Akaweka ufagio chini, akamsomea shangazi.

"Kichaka kifupi kuliko kalamu. Shina ni gumu, limejipinda. Majani ni madogo kama punje za mchele, na chini yana manyoya meupe. Huota kwenye nyufa za mwamba, kileleni penye upepo na baridi. Mzizi ni mrefu mara nne ya shina."

Shangazi akamuuliza mzizi ameuonaje. Chapuchapu akasema mvua ilikuwa imeking'oa. Shangazi akamkumbusha kwamba ni mwezi wa pili sasa mvua haijanyesha.

Mtoto akanywea. Akatoa kichaka kwenye mkoba wake, kimesinyaa.

"Niliking'oa mwenyewe jana. Kilikuwa bado kichanga, shangazi. Si vitaota vingine?"

Shangazi alikata kipande chembamba cha shina kwa wembe, akakiweka chini ya hadubini, akamwambia ahesabu duara za umri, kila duara mwaka mmoja. Chapuchapu alipofika thelathini alidhani amekosea, akaanza upya. Arobaini. Sitini. Sitini na saba. Kitu alichokichomoa kama mchicha kilikuwa kimemzidi bibi yake umri.

"Kule kileleni nilivihesabu, vilikuwa tisa," shangazi akasema. "Sasa ni vinane."

Chapuchapu alilia mpaka kwikwi ikamshika. Kisha wakachomeka vijitawi vitatu vilivyobaki kijani kwenye kopo la mchanga. Jumatatu alisoma maelezo yote darasani, akasema pia kwamba ni yeye aliyeking'oa. Hakuna aliyecheka.

Baada ya wiki saba kijitawi kimoja kilitoa jani. Shangazi akamwita akione.

"Hiki kimepona," alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Kuking'oa lilikuwa kosa la kutojua. Kukificha ulijua ni kosa. Ungeniambia siku ileile, mzizi ulikuwa bado mbichi. Tungekirudisha chote."