Taa Imehama

Giza lilikuwa linaingia Mama Gundi aliporudi ofisini kufunga dirisha alilolisahau. Mlinzi akamtania getini.

"Mama, nyota zimehama tena?"

"Zikihama nitakuita unishikie ngazi!"

Kazi yake ndiyo hiyo. Vitabu vya mabaharia, vile vinavyoeleza nyota, maji kujaa na kupwa, na mahali pa kila mnara wa taa, msahihishaji wake ni yeye. Karatasi ndogo za mabadiliko zikiletwa, anakata, anapaka gundi, anabandika juu ya maneno ya zamani. Mwanawe, kitinda mimba, alipotelea baharini kwa ajili ya karatasi kama hizo. Meli yao iliondoka kwa pupa na kitabu cha zamani, na taa ilikuwa imehamishwa. Hata maiti haikuonekana.

Alipofungua mlango... harufu ya mwani.

Tone. Tone. Tone.

"Mama."

Mwanawe alisimama kando ya kabati, maji yakimchuruzika, kitabu kilicholowa kifuani.

"Baba yangu weee!"

"Usiniguse, Mama. Taa wameipeleka wapi? Kila siku tunaifuata, kila siku tunagonga mwamba."

Karatasi ya taa hiyo ilikuwamo kwenye mtoto wa meza. Mama alijua. Lakini mwana akiipata, atafika anakokwenda. Na akishafika, atarudi hapa kufanya nini?

"Haijaletwa, baba. Pita kesho."

Mwana akainamisha kichwa, kama alivyokuwa utotoni akinyimwa sukari, akatoka. Punde, huko mbali, kitu kikapasuka. Watu wakalia. Katikati ya vilio, sauti moja mama aliitambua.

Kesho yake akaja. Mama akamdanganya tena. Keshokutwa yake akaja bila vidole. Siku iliyofuata, uso ulikuwa umebaki nusu.

"Mama... inauma," alinong'ona. "Haizoeleki."

 Mama akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi, akapaka gundi, akabandika kwenye kile kitabu kibichi.

Mwana akasoma. Akainua jicho.

"Ulikuwa nayo?"

Mama akafunika chupa ya gundi.

"Hata mimi nilikukumbuka sana, Mama."

Akaondoka. Mama akatega sikio hadi shingo ikamkakamaa. Hakuna kilichopasuka. Hakuna aliyelia, ila yeye.

Asubuhi mlinzi alilalamika: nani kamwaga maji ya chumvi mpaka getini? Mama akachukua tambara, akapiga deki.

Jioni ile akaacha mlango wazi, akaweka kiti. Potelea mbali, huenda akapita hata kusalimia tu. Harufu ya mwani ikaja. Akainuka mbio...

Tone. Tone. Tonetonetone.

Chumba kilijaa. Wanaume wazima, vijana wasioota ndevu, wote wamelowa chapachapa, kila mmoja na kitabu chake kifuani. Nyuma yao ukumbi nao ulikuwa ukidondoka maji.

"Mama," wakanong'ona, "na sisi?"

Akazipitia nyuso zile, moja moja, hadi ya mwisho.

Wake hakuwemo.