Kibuyu cha Iddi

Askari wa Mjerumani walikuwa wamekaa katikati ya njia, wanachoma muhogo wa watu. Basi Mwanaheri na shemeji yake Daimu wakaiacha njia, wakazama porini, na hapo ndipo safari ilipoharibika. Risasi aliyopigwa vitani Songea ilikuwa bado imo pajani mwa Daimu, kiangazi kimekausha vijito vyote, na Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ndiko kwenye salama, ulikuwa mbali huko kusini.

"Shemeji, niache," Daimu alisema.

"Nikuache, nikamwambie nini mama yako? Alizaa wawili. Mmoja tumeshamzika. Inuka!"

Huyo aliyezikwa ni Iddi, mume wa Mwanaheri. Alikwenda vitani kifua wazi, shingoni kibuyu kidogo cha dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Risasi haikugeuka. Sasa kibuyu alikivaa Daimu, na Mwanaheri alikichukia kupita kiasi. Tena, tangu waiache njia, alikuwa akisikia nyayo za mtu wa tatu nyuma yao. Wakisimama, nazo zinasimama. Hakumwambia shemeji yake. Angeanzaje, Ya Rabi?

Jua likishuka walifika kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, na katikati shimo walilochimba tembo. Chini kabisa mlikuwa na maji ya matope. Walikunywa kwa viganja. Jeraha Mwanaheri aliliosha pembeni, mbali na shimo, maana baba yake alikuwa mwindaji wa pembe na alimfunza adabu za pori: maji ya tembo unakunywa kwa heshima, huyachafui, huwashi moto kwenye njia yao, na hulali hapo hata kidogo.

"Tupande kule mwambani," alisema. "Wenyewe wanakuja."

"Siwezi. Nalala hapa hapa. Nina dawa."

"Dawa! Hiyo hiyo iliyomponza kaka yako?"

Hajafunga mdomo, tembo wakatokea, jike kubwa mbele na mtoto wake ubavuni. Homa ilikuwa imempanda Daimu. Yeye aliona kikosi cha askari. Akajizoazoa, akasimama mbele yao, akainua kibuyu na kupiga ukelele wa vitani: "Maji! Maji!"

Masikio ya jike yakatanuka. Mwanaheri alimrukia shemeji yake, akamwangusha, akamziba mdomo. "Nyamaza, we! Tumekunywa maji yao, tuwapishe!"

Akamshika kwapa la kushoto, akaanza kumburura. Mwanamume mzima, na yeye mwenyewe Mwanaheri ana njaa ya miezi, asingemweza. Lakini mzigo ulikuwa mwepesi. Kuna mtu alikuwa ameshika kwapa la kulia, na ile harufu ya ugoro Mwanaheri aliijua tangu usiku wa harusi yake. Hakuthubutu kutazama. Alivuta huku analia, mpaka mwambani. Kule chini jike lilisimama likiwatazama, kisha likashusha masikio na kumtanguliza mwanawe majini.

Walikaa mwambani mpaka homa ikapungua, wakishuka kunywa asubuhi tu, tembo wakishaondoka. Hawakuwasha moto. Daimu hakuitaja dawa tena. Alipoweza kuchechemea walifuata njia ya tembo, kwa kuwa kiangazi tembo hatimaye huenda kwenye mto mkubwa. Na kweli, ikawafikisha Ruvuma.

Mvushaji mmoja alikuwa na mtumbwi wake pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Poleni. Pandeni basi. Na huyo mwenzenu, mbona amesimama kule?"

Daimu aligeuka, akaona majani matupu. Mwanaheri hakugeuka. Alimvua Daimu kibuyu shingoni, naye akakubali kama mtoto. Akaimwaga ile dawa, akakisuuza kibuyu, akakijaza maji ya mto na kukiweka ukingoni.

"Yeye anabaki, baba," alisema. "Sukuma mtumbwi."

Walipofika katikati ya mto alisikia nyuma yake mtu anakunywa, funda kwa funda, bila haraka, kama alivyokuwa akinywa Iddi akirudi shambani.